Samaki Asiye na Nyama

Hadi nilipofika umri wa kunyoa ndevu mara mbili kwa wiki, niliamini kwa moyo mweupe kwamba ndani ya ziwa letu kuna samaki asiye na nyama. Si kisamaki kidogo. Ana kichwa kikubwa, mkia kamili, na katikati ni mfupa mtupu kuanzia shingoni hadi nyuma. Huyo ndiye mgongo wazi tunayemnunua sokoni akiwa amekaangwa. Anaishi chini kabisa, mahali ambapo maji yanatokota kwa joto la ardhi, nyama yake iliyeyuka zamani, naye akazoea hivyo hivyo. Ziwa likitulia, ukiinama upande wa Homa Bay ukatega sikio, utawasikia wakipita makundi kwa makundi, mifupa ikigongana kama njuga za wacheza ngoma. Hayo ya njuga niliyaongeza mwenyewe, lakini mengine yote nilipewa yakiwa mazima. Nilikuwa mtoto, huko Kosele, nikamuuliza dani, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kijaluo, nyama ya samaki iko wapi, akanijibu hivyo huku akipuliza moto. Basi. Usiniulize kama sikuwahi kuona mbuta mzima, yule samaki mkubwa wa ziwani. Nilimwona sokoni kila wiki, ana mapaja kama ya askari jela. Hakunisumbua. Ng'ombe yupo na mbuzi yupo. Mbuta yupo na mgongo wazi yupo.

Nimeyarudia haya kwa sababu majuzi tulimzika Mwalimu Boke, aliyetufundisha Jiografia katika masomo ya jioni pale Migori. Tulikutana kwao Ukuria, wazee watupu, kila mtu na kitambi chake na dawa zake za presha mfukoni. Kabla sijashuka vizuri kwenye gari, nilisikia sauti ikivuka uwanja mzima, juu ya kwaya na juu ya jenereta: "Mgongo Wazi! Kumbe bado unaishi?" Alikuwa Ouma. Wakati ule alikuwa mwendesha bodaboda mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya Isebania, na sasa ana duka la vipuri na mdomo ule ule. Wenzangu wakanisukuma nizungumze kwa niaba ya wanafunzi. Nikasimama, nikatoa kisa cha samaki asiye na nyama, na waombolezaji wakacheka hadi katekista akafuta machozi kwa kitambaa cha altare. Kisa hicho nimekitoa kwenye harusi, kwenye harambee, hata hospitalini nikiwa nimelazwa. Kila mara naishia pale darasa linapocheka, kisha nakaa. Siku hiyo nilikaa, nikaletewa sahani ya wali na nyama, na ile nyama nikaiacha kwenye sahani. Nusu ya pili ya kisa sijawahi kumwambia mtu. Nitaiandika, kwa maana kuisema nimeshindwa.

Mwaka ule nilikuwa mhudumu katika hoteli ya Mzee Abdi, karibu na stendi ya Migori. Hoteli ilikuwa na meza ndefu zilizofunikwa plastiki ya maua, friji isiyogandisha kitu, na redio iliyosema habari za dunia nzima kwa mkwaruzo. Asubuhi tulitoa chai ya maziwa na mahamri, mchana pilau na ugali, na jioni chai tena. Nilibeba vikombe vingi mkononi kwa mara moja kiasi kwamba wageni waliacha kula ili waangalie, na wengine, naapa, walirudi kesho yake na watoto wao. Saa kumi na moja nilivua aproni na kukimbia. Wahudumu wenzangu niliwaambia naenda mazoezi ya kwaya, kwa sababu niliona haya mtu mzima kubeba daftari. Uongo huo uliishi vizuri mpaka mwalimu wa kwaya alipokuja kunywa chai, akaulizwa mbele yangu sauti yangu ni ya ngapi, akasema huyu simjui. Mzee Abdi alicheka, halafu akaniita pembeni kwenye magunia ya mchele, akaniambia kusoma si wizi, na kwamba nikichelewa kurudisha thermos za chai za wateja wa stendi nitakatwa mshahara.

Darasa letu lilikuwa la kuazima. Mchana lilikuwa chekechea, na ukutani palikuwa na picha ya ndovu mwenye miguu mitano, kazi ya mtoto fulani mkarimu. Madawati yalitufika magotini. Tulikaa kama watu wanaochutama mtoni, walinzi, wauza mitumba, mama mmoja wa saluni, Ouma na kofia yake ya pikipiki juu ya paja. Jua lilipozama tuliwasha karabai, na wadudu wote wa Kaunti ya Migori wakaja kujiandikisha. Mwalimu Boke aliingia na tufe la dunia lililokosa mguu. Aliliweka juu ya kata, ile ile ya majani ya ndizi ambayo mwanamke hukalishia mtungi kichwani, na hapo dunia ilitulia vizuri sana. Alikuwa mwembamba, alizungumza Kiswahili cha polepole, na kila somo lake lilikuwa swali moja tu: kwa nini hapa, na si pale? Kwa nini Wajapani waligeukia bahari? Kwa sababu milima imewamalizia shamba. Kwa nini kwetu Kosele mvua hupiga alasiri na si asubuhi? Kwa sababu ziwa hupumua mchana, pumzi ikapanda vilima na kupoa. Kwa nini Ukuria walipanda tumbaku, na Awendo miwa, na ng'ambo ya bahari watu wakakaa kwenye barafu wakila mafuta ya nyangumi? Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani watu huchagua tu. Nilivimba. Sikuweza tena kumpa mgeni sukari bila kumweleza udongo wake. Siku moja nilimweleza mfanyabiashara wa Tarime upepo wa monsuni kuanzia mwanzo hadi mwisho, chai yake ikapoa, akalalamika, na Mzee Abdi akasema mbele ya watu, "Kijana, nilikuajiri ulete chai. Mvua Mungu ataleta."

Jioni ya samaki ilikuja baada ya mvua ndefu. Somo lilikuwa uvuvi duniani. Mwalimu aliuliza kwa nini maeneo makubwa ya uvuvi yako kwenye bahari baridi na si kwenye maji ya joto kama yetu. Mama wa saluni alijibu vizuri, kwamba maji baridi hubeba chakula kingi cha samaki. Mtu mwingine akataja mikondo ya bahari. Mimi nilikuwa na jibu linalonichoma, jibu ambalo halikuwa kitabuni, nikasimama bila kuitwa. Nikasema kwamba hata sisi tunao ushahidi hapa hapa nyumbani: joto humla samaki. Ndiyo maana mgongo wazi, anayeishi chini kabisa mwa ziwa kwenye maji moto, hana nyama, na watu wetu kwa akili yao wamejifunza kumkaanga na kufyonza mfupa. Nikamalizia kwa kusema huo ni mfano mzuri wa mazingira kuamua shughuli za binadamu. Nilikuwa nimenyoosha kidole kama mbunge.

Halafu walicheka. Nimesikia watu wakicheka maishani, lakini kile kicheko kilifungua madirisha. Mlinzi mmoja alianguka kutoka kwenye dawati, akabaki huko chini. Mwalimu Boke hakucheka. Aliuliza ni nani aliyeniambia. Nikasema, kwa fahari kabisa, kwamba ni dani yangu wa Kosele, mwanamke aliyeuza samaki tangu sijazaliwa, na kama kuna mtu anayejua samaki ni yeye. Wakacheka mara ya pili. Hicho cha pili ndicho kilichobaki nami, maana cha kwanza kilikuwa changu na cha pili kilikuwa cha dani. Ndipo Ouma akasema kile alichosema, huku akifuta macho kwa glavu yake: "Pole, ndugu yangu. Dani yako alikula nyama, wewe akakuachia hadithi."

Mwalimu aligonga meza. Alisema swali kwa nini samaki mwingine hufika kwa mlaji bila nyama ni swali halali la Jiografia, na kwamba hatalijibu yeye. Darasa lilikuwa linadaiwa safari ya kujifunza nje ya darasa, na safari hiyo itakuwa Kosele, nyumbani kwa dani, tumhoji kama wanavyohojiwa wafanyabiashara wengine. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitazama ndovu wa miguu mitano nikatamani kuingia pale ukutani tuwe wajinga wawili.

Ajabu ni kwamba katika kucheka kote kule hakuna aliyenieleza. Kila mtu alidhani kucheka kumetosha, na mimi nilikuwa na kiburi, siwezi kuuliza. Nilipata jibu siku chache baadaye, hotelini, bila kuliomba. Aliingia dereva wa lori la barafu, mtu wa maneno mengi, akaketi na mwenzake wa magari ya mizigo. Walikuwa wakibishana ni mzigo gani una adabu. Yule wa barafu alisema hakuna mzigo safi kama minofu ya mbuta kutoka Homa Bay, myeupe, haina mfupa hata mmoja, unaipeleka uwanja wa ndege na kesho kutwa Mzungu anaila kwa uma kama keki. Mwenzake akamuuliza mifupa inaenda wapi. "Hiyo inabaki hapo," akasema dereva, "akina mama wanaigombania nyuma ya kiwanda." Nikapeleka vikombe jikoni. Nikaviosha. Nikawa nimeshika kikombe kimoja muda mrefu chini ya maji. Kuna samaki anayekwenda bila mfupa, na kuna samaki anayebaki bila nyama. Nilikuwa nimejifunza mikondo ya Labrador na ghuba za Norwei, na hesabu ya samaki mmoja ilikuwa imenishinda miaka yote.

Ungedhani baada ya kujua ningecheka mwenyewe. Badala yake lile neno la Ouma liliingia ndani likatafuta mahali pa kukaa. Dani alikuwa muuza samaki. Alijua vizuri mbuta ana nyama. Kama alijua, kwa nini aliniambia vile? Nilianza kukumbuka mambo kwa ubaya. Nikakumbuka kwamba alikula baada yetu, amegeukia moto, na sikuwahi kuona sahani yake. Nikakumbuka alivyokuwa mnene kidogo, na sisi wembamba kama fito za kujengea. Nilibeba trei huku na huku nikimfanyia kesi mwanamke aliyenilea, na shahidi wangu alikuwa mwendesha bodaboda. Hilo ndilo ninaloliandika kwa mkono mzito.

Basi nikapigana na safari. Nilimfuata Mwalimu Boke baada ya darasa nikamwambia twende Muhuru Bay. Nikamsifia Muhuru kama mtu anayeuza kiwanja: mashua, omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa ufukweni mpaka mchanga unang'aa kama bati jipya, Tanzania pale unaigusa kwa mkono, Jiografia imejianika yenyewe juani. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema Muhuru kila shule imeenda, na yeye anataka kujua samaki anafikaje kwenye sahani ya mtu asiyeliona ziwa. Kisha akaniuliza taratibu kama nina sababu nyingine. Nikasema sina.

Jumapili nikaenda Kosele peke yangu. Dani alikuwa jikoni, nyumba ya udongo aliyoipaka vizuri kwa mkono, ukuta una mistari ya vidole vyake kama mawimbi. Alifurahi, akanigusa kichwa ingawa ilibidi niiname, akaniuliza mbona ninanukia vitunguu. Alinipikia ugali wa mtama, na juu yake, bila shaka, mgongo wazi aliyechemshwa kwa nyanya baada ya kukaangwa. Nilifyonza kichwa kama zamani, mashavu yale madogo matamu, jicho, utosi, huku nikiitafuta kwa macho sahani yake. Aliketi nyuma yangu, upande wa moto, na sikuiona. Ndipo nikamweleza kuhusu wageni. Nikamwambia ni watu waliosoma, wanaweza kuuliza maswali ya ajabu, na wakiuliza lile jambo la samaki asiye na nyama, aseme tu alikuwa akitania na mtoto. Sikumwambia walicheka. Akachokoa kuni. Akaniuliza wageni wanakula nini. Nikasema watakula chochote. Akauliza kama mwalimu ni mama au baba. Nikasema mama, Mkuria, hajui Kijaluo, kwa hivyo dani atalazimika kuzungumza Kiswahili. "Nitasema Kiswahili," akasema. Hakusema atasema nini.

Siku ya safari tulifika adhuhuri, lori la kanisa likituteremsha mbele ya boma lililofagiwa hadi udongo ukaona haya. Dani alikuwa ameazima viti kanisani na kuvifunika vitambaa vya kusukwa. Alivaa lile gauni lake la Krismasi. Mwalimu Boke alimsalimu kwa mikono miwili na kumwita mama, na wanafunzi wote, hata Ouma, wakawa wapole ghafla kama watu waliofika kuposa. Kabla ya swali lolote, dani alisema mgeni hahojiwi wala hahoji akiwa na njaa. Chakula kikaletwa. Ilikuwa sufuria kubwa ya mbuta, vipande vinene vya nyama nyeupe vinavyoachana vyenyewe, mchuzi umesimama. Sijui aliipata wapi na sikuthubutu kuuliza. Alizunguka mwenyewe akimgawia kila mtu, na alipofika kwangu aliniwekea kipande kikubwa kuliko cha mwalimu, akapita. Nilikila. Kilikuwa kitamu, na nilikuwa nimeinamisha macho kwa sababu nilijua watu wananitazama, yule wa samaki asiye na nyama anakula nyama.

Mahojiano yalikwenda vizuri kupita nilivyoogopa. Mwalimu aliuliza, sisi tukaandika. Dani akaeleza kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba walipanda kutoka ziwani na beseni kichwani, wanawake wengi pamoja, wakiimba ili wasihesabu vilima. Akaeleza kwa nini samaki wa Kosele ilikuwa lazima akaangwe kule kule chini: jua la njiani lingemwozesha kabla ya kufika. Aliposema kwamba watu wa juu walilipa kwa mtama na njugu, Mwalimu Boke alitikisa kichwa kwa furaha, akatuambia tupige mstari chini ya hilo. Mama wa saluni aliuliza kama kazi ilikuwa ngumu, na dani akasema shingo yake haijawahi kuwa ndefu tena. Tulicheka pamoja naye. Nilianza kupumua. Nikafunga daftari langu. Nikasema moyoni, tumevuka.

Ouma akainua mkono. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameshiba na ameanza kumpenda. Alianza kwa heshima zote, akamwita dani, akamshukuru kwa chakula, halafu akasema kuna jambo darasa zima linataka kujua kutoka kwake mwenyewe. Nilimkanyaga mguu. Aliendelea. "Huyu mjukuu wako alituambia kuna samaki anaishi bila nyama, na ni wewe ulimwambia. Mimi nikamwambia dani yake alikula nyama akamwachia hadithi. Nilikosea, dani?"

Watu walicheka kidogo kisha wakaacha. Kuku mmoja alipita katikati yetu. Mwalimu Boke aliweka kalamu chini. Dani alinitazama, na nikamfanyia ishara kwa macho, aseme yale tuliyokubaliana, au niliyodhani tumekubaliana: sema ulikuwa unatania. Aliiona. Aliifikiria, naweza kuapa, kama mtu anayepima nguo ya kuazima. Kisha akanyoosha gauni lake juu ya magoti na kuzungumza na mimi, ingawa aliyeuliza alikuwa Ouma.

"Huyu mtoto alikuja hapa Jumapili akaniambia niseme nilikuwa nacheza na yeye," akasema. "Sikuwa nacheza. Nyakwara, mjukuu wangu, hakuna samaki kama hiyo. Ni mbuta tu. Nyama yake ilikatwa huko Homa Bay ikaenda kwa watu wa pesa, na mimi pesa yangu ilikuwa ya mfupa. Wewe ulikuwa unalia, unauliza nyama iko wapi. Haikuwa kwangu, ndiyo nikakupa hiyo hadithi unyamaze. Mimi pia nilikula mfupa."